Alien 3: Filamu Iliyopewa Tarehe Kabla ya Hadithi

Alien 3 ilipoingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 22 Mei 1992, wahakiki hawakuafikiana kama wametazama kazi ya kipaji au mabaki ya ajali. Waliosifu walisifu picha zake zenye rangi ya kutu na moshi, uigizaji wa Sigourney Weaver, na ujasiri wa kumwua shujaa wake mwishoni. Waliokosoa walisema wafungwa waliojaa ndani yake hawatofautishiki, nusu yake ya pili ni mbio za gizani ambazo mtazamaji hajui nani yuko wapi, na wahusika waliopendwa wameuawa kabla hadithi haijaanza. Wapo walioandika yote hayo katika safu moja, wakaweka sifa upande huu na lawama upande ule bila kuona njia ya kuzipatanisha. Zaidi ya miaka 30 imepita na ubishi haujaisha. Kwa kawaida huelezwa kwa namna mbili: ama wahakiki wa 1992 walikosa macho, ama mashabiki wa leo wanajidanganya. Makala haya yanashikilia jambo la tatu. Hukumu iligawanyika kwa sababu filamu yenyewe iligawanyika. Sifa zake na lawama zake zina mahali pa kuanzia katika historia ya utengenezaji wake, na mzizi wa mgawanyiko huo ni desturi ya studio kupanga siku ya maonyesho kabla ya kuwa na kitu cha kuonyesha.

Ili kuona ukubwa wa mzigo uliobebeshwa filamu hii, lazima tuanze na deni ililorithi. Alien ya 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott, ilikuwa hadithi ya kutisha ya mabaharia wa anga wanaowindwa mmoja mmoja ndani ya chombo chao na kiumbe kilichobuniwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger. Aliens ya 1986, iliyoandikwa na kuongozwa na James Cameron, haikurudia hadithi hiyo. Iliigeuza kuwa filamu ya vita na ya umama: Ripley, shujaa anayeigizwa na Weaver, anarudi kwenye sayari ya hatari pamoja na askari, anamwokoa mtoto Newt, na mwishoni wanalala usingizi wa safari yeye, Newt, askari Hicks na roboti Bishop, kama familia iliyonusurika msiba. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania Oscar saba, ikashinda mbili, na Weaver akateuliwa kuwa mwigizaji bora wa kike, heshima ambayo ni nadra kwa hadithi za kubuni za kisayansi. Hivyo sehemu ya tatu ilikuwa na madeni mawili yanayovutana. Scott aliacha deni la hofu, Cameron akaacha deni la matumaini. Asiyerithi ila deni la kwanza angerudia filamu ya kwanza, na asiyerithi ila la pili angerudia ya pili. Ilihitajika akili moja iliyotulia ichague njia yake, na akili moja ndiyo iliyokosekana.

Kati ya 1987 na 1990 watayarishaji Walter Hill, David Giler na Gordon Carroll walipitia waandishi na waongozaji kama msafiri anayebadilisha basi katika kila kituo. William Gibson, mwandishi maarufu wa riwaya za kisayansi, aliandika muswada unaomweka Hicks mbele, Ripley akiwa amezimia karibu muda wote, katikati ya ushindani wa kambi mbili za kisiasa uliofanana na Vita Baridi. Renny Harlin, mwongozaji kutoka Finland, alichukua mradi, kisha akaondoka na kwenda kutengeneza Die Hard 2. Eric Red aliandika muswada mwingine usiofanana na wa Gibson. David Twohy akaandika hadithi ya gereza la angani isiyo na Ripley kabisa, mpaka Joe Roth, mkuu wa studio ya 20th Century Fox, aliposisitiza kwamba bila Weaver hakuna filamu. Miswada hii haikuwa hatua za hadithi moja inayokomaa. Ilikuwa hadithi tofauti zilizounganishwa na namba tatu kwenye jina. Ni vema kukumbuka pia kwamba muswada wa Gibson haukuzikwa. Miongo mitatu baadaye ulichapishwa kama kitabu cha katuni na kurekodiwa kama mchezo wa kusikilizwa, na huo ni ushahidi kwamba kilichokuwa haba hapo Fox ni uamuzi, wala si vipaji.

Wazo lililokaribia kuwa uamuzi lilitoka kwa Vincent Ward, mwongozaji wa New Zealand aliyejulikana kwa The Navigator ya 1988. Ward aliwaza sayari ndogo iliyojengwa kwa mbao, wanamoishi watawa waliokataa mitambo, na Ripley anayeanguka kutoka mbinguni akiwa amebeba kile ambacho watawa wanakiona kuwa shetani. Lilikuwa wazo la ajabu lakini lilikuwa kamili, na ujenzi wa seti ukaanza katika studio za Pinewood, Uingereza. Kisha studio ikaingiwa na wasiwasi, Ward akataka kushikilia maono yake, na akaondoka. Badala ya kusimamisha kazi na kuanza upya, watayarishaji waliyaunganisha masalia: watawa wa Ward wakawa wafungwa walioshika dini, na sayari ya mbao ikawa gereza na kiwanda cha kuyeyusha madini kama la Twohy. Ward alibaki katika orodha ya waliotajwa kama mwenye kisa, huku Hill, Giler na Larry Ferguson wakitajwa kama waandishi wa muswada. Hapa ndipo filamu ilipogawanyika. Roho yake ilikuwa ya hadithi ya imani na adhabu, mwili wake ukawa wa hadithi ya gereza, na hakuna aliyepewa muda wa kuviunganisha viwili hivyo.

Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa David Fincher, kijana wa miaka 28 ambaye hakuwa ameongoza filamu ndefu hata moja. Alijulikana kwa matangazo ya biashara na video za muziki, zikiwemo Express Yourself na Vogue za Madonna. Kamera ziliwashwa Pinewood mwanzoni mwa 1991 bila muswada uliokamilika, na kurasa ziliendelea kuandikwa upya huku seti zikisubiri. Msimamizi wa picha, Jordan Cronenweth, aliyeipa Blade Runner sura yake, alilazimika kuacha kazi mapema kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson, na Alex Thomson akashika nafasi yake. Studio ilibana bajeti, ikahoji maamuzi ya kila siku, na hatimaye ikasimamisha upigaji picha kabla Fincher hajamaliza alichotaka. Matukio mengine, pamoja na sehemu ya mwisho, yalipigwa tena baadaye huko Los Angeles. Wakati huohuo idara ya matangazo ilikuwa imeshasambaza trela fupi ya 1991 iliyowadokezea watazamaji kwamba safari hii kiumbe kinakuja Duniani, jambo ambalo halimo katika filamu. Wahenga wa pwani walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa wengi, na bandari ilikuwa imetangazwa kabla ya safari.

Tukishika historia hiyo mkononi, tuzitazame sifa. Tukio lililowagusa hata baadhi ya wakosoaji ni mazishi. Miili ya Newt na Hicks inatupwa katika tanuri la gereza, mfungwa Dillon, aliyeigizwa na Charles S. Dutton, anasimama kutoa maneno ya imani, na papo hapo tunaonyeshwa kiumbe kikizaliwa ndani ya mwili wa mnyama mahali pengine gerezani. Kifo na uzazi vinakatiwa pamoja, na muziki wa Elliot Goldenthal unavibeba vyote viwili kama ibada moja. Humo wazo la Ward limebaki zima: watu wa dini, msiba, na uovu unaoingia katikati ya sala. Vivyo hivyo sura ya filamu, yaani kamera inayotazama kutoka chini, vipara vya wafungwa na rangi ya kutu, ni ya Fincher, na studio haikuwa na sababu ya kuigusa kwa sababu haikuongeza gharama. Wahakiki makini waliona kina hicho mara moja. Katika jarida la Sight and Sound mwaka huohuo wa 1992, Amy Taubin aliisoma filamu hii kama taswira ya hofu ya UKIMWI: watu waliotengwa, vichwa vilivyonyolewa, na mwanamke anayegundua kwa kipimo cha picha kwamba amebeba mauti ndani ya mwili wake. Usomaji wa namna hiyo hauwezekani katika filamu tupu. Pale ambapo akili moja iliachwa ifanye kazi, filamu ilisema jambo la kweli kuhusu wakati wake.

Sasa tuzitazame lawama. Malalamiko kwamba wafungwa hawajulikani ni ya haki, lakini sababu yake inaonekana. Watu waliopewa sura mojamoja wakati wa upigaji picha walipunguzwa katika uhariri ili urefu utoshe saa mbili pungufu. Mfano mkubwa ni Golic, aliyeigizwa na Paul McGann. Katika toleo la 1992 anatokea kama mwendawazimu wa kukumbukwa, kisha anatoweka bila maelezo, kana kwamba amesahauliwa. Hakusahauliwa na mwongozaji. Kisa chake chote kiliondolewa, pamoja na tukio kubwa ambalo wafungwa wanafaulu kumnasa kiumbe na Golic anamfungulia kwa kumwabudu. Tukio hilo lilipotoka, mpango wa katikati ya filamu ulibaki na shimo, na kilichofuata kikaonekana kama mbio zisizo na sababu. Lawama nyingine ilihusu kiumbe chenyewe. Katika picha za mbali kilikuwa kikaragosi kilichoendeshwa kwa vijiti, kikapigwa picha peke yake na kubandikwa juu ya picha za seti, na kingo zake zilionekana kutoshikana na mandhari. Ilikuwa mbinu ya ujasiri, nayo filamu ikateuliwa kuwania Oscar ya athari maalumu, lakini ilidai subira, na subira ndiyo bidhaa ambayo ratiba haikuwa nayo.

Hapa msomaji anayeipenda Aliens atakuwa na pingamizi la haki: kuuawa kwa Newt na Hicks hakukuwa ajali ya ratiba bali uamuzi, na uamuzi huo ndio uliovunja ahadi. Cameron mwenyewe alilalamika waziwazi kwamba ni kuwakosea heshima watazamaji. Michael Biehn, aliyeigiza Hicks, hakupewa hata nafasi ya kufa mbele ya kamera. Uchungu huo haukupoa. Vitabu vya katuni vya Dark Horse, vilivyokuwa vikiendeleza maisha ya Hicks na Newt tangu 1988, vililazimika kuwabadilisha majina katika matoleo ya baadaye. Mchezo wa kompyuta wa Aliens: Colonial Marines wa 2013 ulimrudisha Hicks akiwa hai. Na mwaka 2015 mwongozaji Neill Blomkamp alitangaza mpango wa filamu ya kuendeleza ya Cameron, mpango uliokufa baadaye. Nakubali kwamba ahadi ilivunjwa. Lakini kuvunja ahadi na kutunga vibaya ni mambo mawili. Msiba halisi hauombi ruhusa kwa waliookoka jana, na filamu inayoanza na kifo cha mtoto, ikamlaza mezani kwa upasuaji, ikamlilia na kumchoma, imechukua uzito wa kifo hicho kwa dhati. Kosa ni kwamba filamu iliyofungua kwa huzuni hiyo haikuruhusiwa kubaki nayo. Baada ya mazishi, studio ilitaka mbio. Mtazamaji aliyeombwa aomboleze kwa nusu saa aliamrishwa kushangilia kwa saa nzima, na akajiona amepokonywa wapendwa wake bila kulipwa chochote.

Pingamizi la pili ni la kawaida zaidi: sehemu za kuendeleza huharibika zenyewe, kwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na filamu zote zina misukosuko. Casablanca ya 1942 ilipigwa picha huku muswada ukiwa haujakamilika, na leo hufundishwa kama mfano wa utunzi bora. Kuhusu mgema, mfano huu unapinga methali: aliyesifiwa kwa Aliens alikuwa Cameron, naye hakuwepo, na Fincher hakuwa amesifiwa kwa filamu yoyote ili apate kiburi cha kutia maji. Kuhusu Casablanca, tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Filamu ile ilikuwa na mchezo wa kuigiza kama kiunzi chake, mtayarishaji mmoja, Hal Wallis, aliyeshika usukani tangu mwanzo hadi mwisho, na mwongozaji mmoja mzoefu. Kurasa zilichelewa lakini swali la hadithi lilijulikana: mwanamke atapanda ndege na nani? Alien 3 haikuchelewa kurasa tu. Ilikuwa haijaamua swali lake, kama ni hadithi ya imani, ya gereza au ya uwindaji, wakati ujenzi, mishahara na matangazo vimekwishaanza kuhesabu siku. Kukosa majibu ya mwisho ni jambo linalovumilika katika sanaa. Kukosa swali halivumiliki.

Historia ilitoa nafasi adimu ya kuijaribu hoja hii. Mwaka uleule wa 1992 Blade Runner, nayo ikiwa filamu ya kisayansi iliyopokewa kwa mchanganyiko ilipotoka 1982, ilirudishwa sinema katika toleo lililoondoa maelezo ya sauti na mwisho wa furaha vilivyopachikwa kwa shinikizo la wenye fedha. Soko la matoleo ya namna hiyo lilikua, na mwaka 2003 Fox ilichapisha sanduku la filamu zote nne za Alien likiwa na toleo jipya la Alien 3, refu kwa takriban nusu saa, lililounganishwa kwa kufuata uhariri wa awali wa Fincher. Yeye mwenyewe alikataa kushiriki. Matokeo yanafaa kupimwa bila upendeleo. Golic alirudi, tukio la kumnasa kiumbe likarudi, imani ya wafungwa ikapata nafasi, na malalamiko ya nusu ya kwanza yakapungua sana. Ila mbio za gizani za mwisho zilibaki na utata wake, kwa sababu uhariri hauwezi kurudisha ramani ambayo haikupigwa picha. Jambo moja zaidi linasema mengi: makala ya video kuhusu utengenezaji wa filamu, iliyoandaliwa na Charles de Lauzirika kwa ajili ya sanduku hilo, ilikatwa sehemu zilizoonyesha mgogoro wa Fincher na studio, na haikuonekana nzima hadi 2010. Studio iliyohariri filamu ilihariri pia kumbukumbu yake.

Wapo watakaosema kwamba heshima ya leo ni mwanga wa kuazima: Fincher alitengeneza Seven mwaka 1995, Fight Club 1999 na The Social Network 2010, na kwa hiyo watu wanarudi kutafuta dalili za ukuu katika kazi yake ya kwanza. Tahadhari hiyo ni ya kweli, na mwenye kuitia nguvu zaidi ni Fincher mwenyewe, ambaye amesema hadharani kwamba hakuna anayeichukia filamu hiyo kumzidi yeye. Lakini sifa hizi hazikuanza na umaarufu wake. Taubin aliandika 1992, wakati Fincher alikuwa mtu wa video za muziki aliyeshindwa, kwa macho ya wengi, katika jaribio lake la kwanza. Nje ya Marekani filamu ilipata watazamaji wengi pia: nyumbani iliingiza kama dola milioni 55, chini ya milioni 85 za Aliens, ila nje iliingiza zaidi ya milioni 100. Waliovutiwa hawakusubiri ruhusa ya jina kubwa. Na waliokosoa hawakuwa na macho mabovu. Wote waliona kilichokuwepo kwenye pazia, kila upande ukashika nusu yake.

Somo la Alien 3, basi, linawahusu wahakiki na wenye studio kwa pamoja. Mhakiki anayeandika kwamba kazi ni nzuri na mbaya kwa wakati mmoja asilaumiwe kwa woga kabla hatujauliza kama kazi ilitengenezwa na mikono iliyokubaliana. Mara nyingi hukumu ya namna hiyo ndiyo picha sahihi kuliko zote. Mwenye studio naye ajue kwamba jina maarufu linaweza kuuza tiketi za wiki ya kwanza, lakini haliwezi kuandika kurasa ambazo hazijaandikwa. Fincher alibeba lawama iliyostahili kugawanywa, na filamu yake iliyofuata ilitoka miaka mitatu baadaye. Mwaka 1997 studio ilimrudisha Ripley kutoka kwa wafu katika Alien Resurrection ya Jean-Pierre Jeunet, ikaufuta mwisho ambao hata wakosoaji wa Alien 3 waliuheshimu. Kwa kufanya hivyo ilionyesha kwamba haikuwahi kuelewa kitu pekee kilichokuwa kimekamilika katika filamu yake ya tatu: uamuzi wa mwanamke mmoja kuimaliza hadithi.